Pedi za Breki Zikilika Upande, Zisome Kabla ya Kuzitupa

Mwanachuo mwenye gari hakosi marafiki, hasa muhula unapoisha. Kigari kimoja cha mtumba kutoka Japani, IST au Vitz, kinabeba watu watano na mabegi yao, safari ya kutoka Iringa kwenda Dar inaanza, na mteremko wa Kitonga uko mbele. Hapo watu wanajadili nani anachangia shilingi ngapi za mafuta na nani anakaa mbele. Breki hazijadiliwi, maana mwenye gari keshasema: "Pedi nimebadilisha juzi tu."

Makala hii inahusu jibu hilo. Kubadilisha pedi ni jambo jema. Lakini kama zile za zamani zililika bila kulingana, yaani moja imebaki karibu na chuma na mwenzake bado ni nene, basi kuna kitu kilichozila namna hiyo. Kitu hicho hakikutupwa pamoja na pedi. Bado kiko kwenye gari, na kitazila hizi mpya vilevile. Mbaya zaidi, kitu hichohicho ndicho kinachoweza kufanya gurudumu moja lisishike sawasawa siku mnayokihitaji zaidi.

Kwa hiyo leo tunajifunza jambo moja: jinsi ya kuzisoma pedi zilizoisha kabla hazijaingia kwenye pipa la takataka. Huhitaji kuwa mwanafunzi wa uhandisi. Fizikia ya kidato cha nne inatosha, pamoja na rula na subira kidogo.

Breki inafanyaje kazi?

Magari mengi madogo tunayoyaona chuoni yana breki za diski mbele na za dramu nyuma. Tushughulike na diski, maana ndiko pedi ziliko.

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Pedi ziko mbili: moja upande wa ndani, inayotazama injini, na nyingine upande wa nje, inayotazama rimu. Kinachozibana pedi hizo kwenye diski kinaitwa kalipa. Ukikanyaga breki, masta silinda inasukuma mafuta ya breki kwenye mabomba, na kwa kanuni ya Pascal mgandamizo unafika kila mahali kwa kiasi kilekile. Chukulia mgandamizo ni paskali milioni 3 na pistoni ya kalipa ina kipenyo cha milimita 50. Eneo lake ni kama milimita za mraba 1,963. Zidisha, utapata nguvu ya karibu nyutoni 5,900. Hiyo ndiyo inayoibana pedi ya ndani.

Sasa swali la mtego: pistoni ni moja tu na iko upande wa ndani. Pedi ya nje inabanwa na nani?

Inabanwa na kalipa yenyewe. Pistoni ikisukuma pedi ya ndani ikagonga diski, diski inajibu kwa nguvu ileile kuelekea nyuma, kama Newton alivyotufundisha. Kalipa haikufungwa moja kwa moja kwenye gari; inateleza juu ya pini mbili zilizopakwa gresi. Kwa hiyo mwili mzima wa kalipa unarudi ndani kidogo na kuivuta pedi ya nje ije kuibana diski. Nguvu ya ndani na ya nje zinalingana. Ukielewa pini hizo mbili, umeelewa nusu ya matatizo yote tutakayoyaona.

Je, ukiachia breki, pedi zinaachiaje? Hakuna springi kubwa inayoivuta pistoni. Kuna mpira wa mviringo ulioizunguka, wenye kona kama mraba ukiukata. Pistoni ikitoka, mpira huo unapindika nayo. Mgandamizo ukiisha, mpira unarudi kwenye umbo lake na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Hiyo inatosha pedi isiendelee kusugua kwa nguvu. Pistoni ikishika kutu, au mpira ukikakamaa, mpira hauwezi tena kuivuta.

Kanuni ya kulika

Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza, J. F. Archard, alitoa kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo. Kwa maneno mepesi inasema hivi: kiasi cha kitu kinacholika kwa kusuguana kinaongezeka kadiri nguvu ya kubana inavyoongezeka, na kadiri umbali wa kusuguana unavyoongezeka, kinapungua kadiri kitu hicho kinavyokuwa kigumu.

Kwa hiyo pedi mbili zikitofautiana, wa kuhojiwa ni watatu tu: nguvu, umbali, na ugumu.

Ugumu ni rahisi kuumaliza. Uliza kama pedi zote ni za seti moja. Kama fundi aliwahi kuweka pedi ya aina moja kulia na aina nyingine kushoto, jibu huenda umeshalipata. Ndiyo maana pedi hubadilishwa magurudumu yote mawili ya ekseli moja kwa wakati mmoja.

Wanabaki nguvu na umbali, na hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tunaona pedi imelika sana tunasema, "Hii ilikuwa inabanwa kwa nguvu sana." Si lazima. Tuseme umeendesha kilomita 10 mjini, na katika hizo ulikuwa umekanyaga breki kwa jumla ya kilomita moja. Pedi nzima imesugua kilomita moja. Pedi isiyoachia inasugua zote 10. Hata kama inagusa kwa nguvu ndogo tu, umbali umezidishwa mara kumi. Ndiyo maana breki inayong'ang'ania kidogo, ambayo dereva haihisi kabisa, inaweza kuimaliza pedi mapema.

Angalia kabla ya kufungua

Gari linaongea kabla hujashika spana. Mambo ya kuangalia ni haya:

Usukani. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, kanyaga breki taratibu. Gari likivuta kushoto, maana yake breki ya kushoto inashika kuliko ya kulia. Likivuta hata bila kukanyaga breki, kuna uwezekano breki ya upande huo inang'ang'ania, ingawa upepo wa tairi na alaimenti pia huleta hali hiyo. Pima upepo kwanza, ni kazi ya dakika tano.

Joto. Endesha dakika kumi hivi bila kutumia breki nyingi, kisha simama. Sogeza mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, hapo pana kesi. Usiguse diski kamwe, inaweza kukuunguza vibaya.

Vumbi. Rimu iliyojaa vumbi jeusi kuliko nyingine inakuambia kwamba huko kuna pedi inayoliwa haraka.

Sauti. Baadhi ya pedi zina kijichuma kidogo kinachogusa diski pedi ikikaribia kuisha, kikatoa mlio mkali. Mlio huo si wa kuongezewa redio sauti.

Kisha kuna kosa la kuchungulia. Ukichungulia kupitia matundu ya rimu, pedi unayoiona vizuri ni ya nje. Ya ndani imejificha. Na kwenye kalipa za pistoni moja, ya ndani ndiyo mara nyingi inayoisha kwanza. Watu wanachungulia, wanaona nyama imejaa, wanasema breki ziko poa, kumbe ndani ni chuma kwa chuma. Kuchungulia kwa nje si ukaguzi.

Kufungua na kupima

Kama hujawahi kufungua breki, fanya na fundi, wewe ukiwa msaidizi na mwandishi. Hili si jambo la kujifunzia peke yako nyuma ya hosteli usiku.

Weka gari kwenye ardhi tambarare, vuta handbreki, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au vipande vya mbao. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua. Inua kwa jeki, kisha liweke gari juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Ukitoa kalipa, usiiache ining'inie kwa mpira wa breki. Ifunge kwa waya. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Baadhi ya pedi, hasa za zamani, zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Sasa, kabla pedi hazijachanganyika, chukua kalamu ya maka uandike nyuma ya kila moja: kulia-ndani, kulia-nje, kushoto-ndani, kushoto-nje. Andika pia juu ni wapi na chini ni wapi. Hatua hii inachukua dakika moja, na bila hiyo hakuna utambuzi wa tatizo. Pedi nne zilizorundikwa kwenye boksi haziwezi kukuambia chochote.

Pima unene wa ile sehemu inayosuguana, bila kuhesabu bamba la chuma la nyuma. Rula ya chuma inatosha. Ukiwa na vernia ni vizuri zaidi. Pima kila pedi sehemu mbili, ncha hii na ncha ile. Utakuwa na namba nane. Pedi mpya za magari madogo kwa kawaida zina kama milimita 10, na mafundi wengi hushauri kubadilisha zikifika milimita 3. Usisubiri zaidi ya hapo.

Kuzisoma namba

Kwanza, linganisha ndani na nje ya gurudumu moja. Tulisema nguvu za pande mbili zinalingana, kwa hiyo unene nao uwe karibu sawa. Ya ndani ikilika zaidi, washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni pini za kutelezea: zikikwama, kalipa hairudi ndani, pedi ya nje haivutwi vizuri, na ya ndani inafanya kazi karibu peke yake. Wa pili ni pistoni: ikishika kutu hairudi, na pedi ya ndani inabaki inasugua mchana kutwa.

Utawatofautisha vipi? Kwa mikono. Toa pini kwenye makazi yake. Pini nzima inateleza na kuzunguka kwa vidole, ikiwa na ukinzani kidogo wa gresi. Pini iliyokwama utajua tu, maana utaipigania. Kisha jaribu pistoni: irudishe ndani taratibu kwa klampu, ukiangalia kikombe cha mafuta ya breki kisifurike, maana mafuta hayo yanabandua rangi ya gari. Pistoni nzima inarudi kwa mwendo mmoja laini. Ikigoma, ikienda kwa kushtukashtuka, au kifuniko chake cha mpira kikiwa kimechanika na kuna kutu, umempata mhusika. Tahadhari: pistoni za breki za diski za nyuma kwenye magari mengi hurudishwa kwa kuzungushwa, si kwa kusukumwa. Ukilazimisha unavunja.

Ya nje ikilika zaidi, pistoni haina kesi kubwa. Tazama pini, na tazama masikio ya pedi, yaani ncha mbili zinazokaa kwenye mabano. Pistoni imeachia, lakini kalipa au pedi yenyewe imekwama pale ilipo na kuendelea kuigusa diski.

Pili, linganisha ncha mbili za pedi moja. Tofauti ndogo sana ni ya kawaida. Lakini pedi ikiwa kama kabari, milimita 7 ncha moja na 4 ncha nyingine, maana yake kalipa inakaa mshazari. Mara nyingi pini moja inateleza na nyingine imekwama, au sikio moja la pedi limebanwa na kutu kwenye mabano. Pedi inatakiwa kuingia kwenye mabano kwa kusukuma kwa vidole. Ikihitaji nyundo kuingia, itahitaji nyundo kutoka, na breki haina nyundo.

Tatu, linganisha kulia na kushoto. Hapa panahitaji akili zaidi, tutaparudia hivi punde.

Nne, mbele na nyuma. Pedi za mbele kuisha haraka kuliko breki za nyuma si ugonjwa. Ukikanyaga breki, uzito unahamia mbele. Chukua gari la kilo 1,300 pamoja na abiria, linalopunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde mraba, kitovu cha uzito kiko nusu mita juu ya ardhi, na ekseli zimeachana mita 2.5. Mzigo unaohamia mbele ni 1,300 × 6 × 0.5 ÷ 2.5, sawa na nyutoni 1,560. Kama mwanzo uzito uligawanyika nusu kwa nusu, sasa mbele pamebeba asilimia 62. Ndiyo maana breki kubwa huwekwa mbele.

Mgonjwa ni nani kati ya kulia na kushoto?

Tuseme umepima ukapata hivi: kulia, pedi zote mbili zina milimita 3, kushoto, zote mbili zina milimita 8. Gurudumu lipi lina tatizo?

Wengi watajibu haraka: la kulia, kwa sababu ndilo lililolika. Inawezekana. Kalipa ya kulia inaweza kuwa haiachii. Lakini kuna maelezo mengine yanayoendana na namba hizohizo: kulia ni mzima kabisa na amefanya kazi yake ya kawaida, ila kushoto hashiki. Labda pistoni yake imekwama ndani, labda mpira wake wa breki umeziba. Pedi zake zinaonekana nzuri kwa sababu hazifanyi kazi. Gurudumu lenye pedi nene zinazopendeza ndilo linaloweza kuwaua.

Ukibadilisha kalipa ya kulia kwa kuangalia unene tu, umetumia bumu lako kutibu gurudumu zima, na gonjwa umeliacha barabarani. Tofauti inakuambia kwamba tatizo lipo. Haikuambii liko kwa nani. Lazima kuwe na kipimo cha pili.

Vipimo hivyo tayari unavyo. Cha kwanza ni joto: baada ya kuendesha bila breki nyingi, kama rimu ya kulia ni ya moto, basi kulia anang'ang'ania. Kama rimu zote ni za baridi, lakini baada ya kukanyaga breki mara kadhaa kulia anapata moto na kushoto amebaki baridi, basi kushoto hashiki. Cha pili ni kuzungusha: gari likiwa juu ya stendi na breki haijakanyagwa, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Linalokataa kuzunguka linang'ang'ania. Kisha mtu akanyage breki kidogo huku ukizungusha. Linaloendelea kuzunguka kirahisi halishiki. Cha tatu ni umri: pedi ziliwekwa lini, na gari limetembea kilomita ngapi tangu hapo? Kama seti iliyopita ilidumu muda mrefu na safari hii kulia ameisha upesi mno, shaka inaelekea kulia. Kama kulia amedumu kama kawaida, mtazame kushoto. Ndiyo maana inafaa kuandika tarehe na kilomita kila unapobadilisha.

Kumtafuta mwizi wa mgandamizo

Gurudumu likiwa linang'ang'ania, bado kuna swali: limeshikiliwa na kutu, au na mafuta yenye mgandamizo ulionaswa? Mpira wa breki, lile bomba laini linalokwenda kwenye kalipa, ukizeeka unaweza kuvimba kwa ndani. Mguu wako una nguvu ya kuyapenyeza mafuta kwenda, ila ukiachia, hakuna nguvu ya kuyarudisha. Kwa nje mpira unaonekana mzima kabisa.

Kipimo chake ni kizuri kwa mtu anayependa mantiki. Gurudumu likiwa limeng'ang'ania, fundi alegeze kidogo nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Gurudumu likibaki gumu, tatizo ni la kalipa yenyewe: pistoni, pini au masikio. Likilegea ghafla, kulikuwa na mgandamizo ulionaswa. Funga nati, kanyaga breki hadi ling'ang'anie tena, kisha legeza kiungo kilicho juu ya mpira, pale unapokutana na bomba la chuma. Likilegea sasa, mgandamizo ulinaswa juu zaidi, tazama masta silinda. Likigoma kulegea, umenaswa ndani ya mpira, badilisha mpira. Baada ya kipimo hiki lazima kutoa upepo kwenye mfumo, na mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Tukiwa kwenye mafuta: ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa. Kwa viwango, DOT 3 ikiwa mpya ichemke si chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ila ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. Maji hayohayo ndiyo yanayoleta kutu kwenye pistoni. Usiongeze oili ya injini wala gresi ya kawaida mahali popote palipo na mpira wa breki. Inavimbisha mipira na utarudi kwenye matatizo tuliyoanza nayo. Pini zina gresi yake maalumu inayovumilia joto.

Kwa nini haya yote, wakati gari linasimama?

Kwa sababu kusimama kwenye geti la chuo na kushuka Kitonga ni mambo mawili tofauti. Gari letu la kilo 1,300 likiwa kilomita 80 kwa saa lina nishati ya mwendo ya karibu kilojuli 321, na breki lazima zigeuze zote kuwa joto ili lisimame. Sasa likishuka mteremko, kila mita 100 za kimo zinaleta kilojuli kama 1,274. Ni sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 80 karibu mara nne, mfululizo, bila mapumziko ya kupoa. Ndiyo maana madereva wazoefu hushuka na gia ndogo ili injini isaidie.

Sasa weka gurudumu moja lisiloshika. Kazi yake inahamia kwa wenzake, wanapata moto zaidi. Au weka gurudumu linalong'ang'ania: limefika juu ya mteremko likiwa tayari na joto, na mafuta yaliyolowa maji yako karibu kuchemka. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unagandamizika, na pedali inazama hadi sakafuni. Mjini hilo gari "halikuwa na tatizo".

Unapokwenda gereji

Usiende ukisema, "Fundi, nibadilishie pedi." Ukisema hivyo atabadilisha pedi, na yuko sahihi, ndicho ulichomwomba. Sema hivi: "Fundi, naomba tufungue pande zote mbili, nataka kuziona za zamani kabla ya kuweka mpya." Omba akuonyeshe pini zikiteleza na pistoni ikirudi. Fundi anayejua kazi yake hatachukia. Wengi watafurahi kupata mteja anayeuliza. Andika namba zako nane kwenye simu, pamoja na tarehe na kilomita. Na kabla ya kuondoka, gari likiwa bado limesimama, kanyageni pedali mara kadhaa mpaka ikaze, maana pistoni iliyorudishwa ndani inaacha nafasi, na kanyago la kwanza huwa halina breki.

Maswali ya kujipima

1. Kulia: ndani milimita 2, nje 8. Kushoto: ndani 7, nje 7. Pini za kulia zinateleza vizuri. Utamshuku nani, na utamthibitisha vipi?

2. Pedi moja ina milimita 8 juu na 5 chini; tatu zilizobaki ziko sawa. Utaanza kukagua wapi?

3. Kulia milimita 7 ndani na nje. Kushoto milimita 4 ndani na nje. Gari likikanyagwa breki linavuta kushoto. Rimu zote ni za baridi kabla ya kukanyaga. Gurudumu lipi ni la kutibu?

La tatu ndilo la kujadiliana na wenzako wa gheto. Anayejibu "kushoto" kwa haraka asome tena sehemu ya kulia na kushoto, na kama ni yeye atakayeendesha safari ya mwisho wa muhula, asome mara mbili.